Chupa Iliyotakiwa Kurudi Tupu

Chupa ya kumi ilitakiwa kuwa tupu. Kanyshai aliifungua maabarani Jumatano asubuhi, akachungulia ndani, akakuta kitu cheupe kimelala chini, kiasi cha kijiko kimoja.

"Haa!" akasema, na harufu ya kumisi, maziwa ya farasi yaliyochacha, ikampanda puani.

Ngojeni niwaeleze uzito wa kijiko hicho, msije mkadhani binti alishtuka bure. Vyuo vikuu viwili, kimoja cha Bishkek kwa Wakirgizi na kingine cha Almaty kwa Wakazakhi, ng'ambo ya mpaka, vilishikana mkono na kampuni moja ya maziwa ya huko Almaty, ili wanafunzi wa bioteknolojia wasiishie kukariri vitabu bali waguse kazi yenyewe. Kampuni inatafuta vijidudu bora vya kuchachushia maziwa ya farasi. Wanafunzi wanapanda milimani kwenye malisho ya kiangazi, kila mmoja na chupa kumi za chuma. Tisa wanazijaza kumisi ya wafugaji. Ya kumi wanaiita shahidi: inapanda tupu, inashuka tupu. Shahidi akifika msafi, wenzake tisa wanaaminika. Akifika na doa, wote tisa wanamwagwa, hata wawe wazuri namna gani.

Wanafunzi sita walikuwa wametoka Bishkek, na nafasi ya kubaki mwaka mzima kwenye maabara ya kampuni ilikuwa moja tu, ya mwenye chupa bora. Kanyshai aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ulimkimbia. Wala si kwa kutafuta sifa. Chuoni hadubini moja waligawana watu kumi na wawili, hujakaza jicho mwenzako keshakupiga kiwiko. Hapa alikuwa na ya kwake peke yake.

Olzhas, mwanafunzi wa Almaty aliyepangwa meza moja naye, alinyoosha shingo akaona.

"Nyie Wakirgizi hamwezi kuona chombo msikitie kumisi?"

"Afadhali sisi. Ingekuwa nyie Wakazakhi, mngekuwa mmeshaimaliza njiani."

Olzhas alicheka, halafu akapunguza sauti. "Sikia, dada. Hakuna aliyeona. Isuuze, itie kwenye tanuri la mvuke, nusu saa tu inakuwa tupu kama ilivyopanda. Mimi macho yangu mabovu tangu utotoni."

"Subiri kwanza. Imeingiaje humu?"

"Shida yako ndiyo hiyo. Nyumba inaungua, wewe unauliza kiberiti kilinunuliwa duka gani."

Lakini Kanyshai alikuwa keshaweka tone kwenye kioo na jicho kwenye hadubini. Kama ni uchafu wa njiani, angekuta ukungu, angekuta vijidudu vya vumbi. Hakuviona. Aliona vijidudu virefu vya kumisi vilivyo kama vijiti, akaona hamira, kila kitu mahali pake. Na katikati yao akaona viduara vidogo sana, vimeshikana viwili viwili. Hivyo hakuvijua.

Akachukua zile chupa tisa, alizozijaza kwenye kiriba cha shangazi yake, akazitazama moja moja. Saa ya chai ikaja ikapita. Vijiti vipo, hamira ipo, viduara hakuna hata kimoja.

"Kiriba kimoja, shangazi mmoja, farasi walewale," akanong'ona. "Sasa hawa wametoka wapi?"

"Utajua ukishafukuzwa," Olzhas akamjibu.

Kanyshai akatoka nje na simu. Shangazi yake Sairakan, dada wa baba, alikuwa na farasi majike kumi na wanane kwenye malisho ya Suusamyr, na bahati nzuri saa hizo alikuwa juu ya kilima ambako simu hushika. Upepo ulitangulia kuitika kabla yake.

"Shangazi, ulifungua chupa yangu?"

"Salamu kwanza, we mtoto! Umefika kwa watu umesahau salamu?"

"Shikamoo shangazi. Hamjambo huko? Farasi wazima?"

"Marahaba. Wazima, ila yule mwekundu ana kiburi siku hizi, hataki kukamuliwa. Nilifungua, ndiyo. Ulipokwenda kufunga farasi nikazipima mkononi. Tisa nzito, moja nyepesi! Nikasema, haiwezekani. Mpwa wangu arudishe chombo cha watu kitupu? Mbele ya Wakazakhi? Ukoo huu haujarudisha chombo cha mtu kitupu tangu dunia iumbwe."

Kanyshai akafumba macho. Mwaka mzima wa maabara ulikuwa unateleza kwa sababu ya adabu. "Ulitia kutoka kiriba kilekile kikubwa?"

Shangazi akausogeza mdomo karibu na simu.

"Hapana," alisema shangazi. "Kile ni cha kila mgeni. Nilitia mama."

Mama wa kumisi, chachu yenyewe! Kanyshai alijua habari zake, ila hakuwahi kuonjeshwa. Yumo ndani ya kiriba kidogo kilichofukizwa moshi wa mti wa mreteni, kinaning'inia hemani upande wa wanawake, na kila masika hutiwa kijiko chake kwenye maziwa ya kwanza ili yashike. Shangazi alipewa na mama yake, naye alipewa na wake.

"Mama hapewi mgeni," shangazi akaendelea, "hata aje na farasi wa kubadilishana. Nimekupa wewe, mwanangu, kwa kuwa hapa kwetu mpenda kuulizauliza ni wewe. Nikasema, huyu atamtunza." Halafu sauti ikashuka. "Mbona unauliza? Nimekuharibia?"

"Hapana, shangazi. Hujaharibu kitu."

Hakuwahi kumdanganya shangazi yake hata siku moja, mpaka siku hiyo.

Aliporudi ndani, Daktari Raushan alikuwa ameshafika. Huyu ndiye aliyesimamia maabara ya kampuni na kufundisha chuoni pia, mwanamke mkavu wa maneno ambaye wanafunzi walimtambua kwa mlio wa viatu vyake. Kanyshai hakungoja kuulizwa. Alimweleza yote, kijiko, kilima, chombo kitupu, kiriba kidogo. Olzhas akajishika kichwa.

Daktari Raushan aliinama kwenye hadubini na hakuinuka upesi.

"Miaka tisa nazunguka milimani," akasema hatimaye. "Hawa sijawahi kuwaona." Akavuta kiti. "Keti, binti yangu. Chupa ya kumi si shahidi tena. Tunaiandika kuwa sampuli. Shahidi alipotea mpakani, na vitu hupotea mpakani. Nafasi ni yako, leo hiihii."

Moyo wa Kanyshai uliruka. Sitaki kuwadanganya, uliruka kwa furaha.

"Na hawa watakuwa wa nani?" akauliza.

"Wa kampuni, kama wote. Shangazi yako si alitia sahihi mkataba?"

"Alitilia sahihi kiriba kikubwa."

"Kanyshai. Unataka kujua hivi vidude ni nini, au hutaki?"

"Nataka. Nataka kuliko hata hiyo nafasi." Akaisogeza chupa ya kumi kwake. "Lakini si vyangu kugawa. Nimewekeshwa."

"Basi mpigie umwombe. Akikubali, yamekwisha."

"Atakubali, daktari. Ataniuliza swali moja tu: je, kitakufaa? Nikisema ndiyo, atatoa mama, atatoa na kiriba chenyewe. Ndiyo maana siwezi kumwomba."

Daktari Raushan naye alizaliwa kijijini, na mahali fulani bila shaka alikuwa na shangazi yake. Akasimama, akanyoosha koti lake jeupe.

"Basi sheria inabaki sheria. Shahidi akiwa na doa..."

"Najua."

Olzhas alileta ndoo bila mzaha wowote. Kanyshai alimwaga chupa tisa, moja baada ya nyingine, kazi yake ya kiangazi kizima, na machozi yakamtoka waziwazi asiyafute, maana mikono ilikuwa na glovu. Ya kumi aliifunga vizuri, akaibandika karatasi yenye jina la Sairakan, akaiweka kwenye barafu irudi Suusamyr.

Kilibaki kioo chini ya hadubini.

"Basi letu la Bishkek linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane," alisema daktari. Akageuka aende, kisha akasimama mlangoni akiwa amewapa mgongo. "Hadubini hiyo haina mtu mpaka saa saba. Mimi sitaingia humu."

Kanyshai akakaa. Kiduara kimoja kilikuwa kinajikaza katikati, kinaanza kuwa viwili, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Alikitazama mpaka kikaachana. Kwa nini viwili viwili? Vinakula nini? Vilimfikiaje bibi wa kwanza wa ukoo? Saa saba ikagonga. Akachukua kitambaa chenye spiriti, akafuta kioo, kampuni isibakiziwe hata kimoja.