Mkoba Juu ya Kiti

Baada ya kahawa ya alasiri, Ione Halvorsen aliuacha mkongojo wake wa magurudumu nje ya ukumbi wa chakula, akaenda hadi meza ya dirishani kwa kushikilia migongo ya viti. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Katika nyumba ile ya wazee, meza ya dirishani ilikuwa ya wanaojiweza, na anayejiweza hataki kuonekana na mkongojo.

Waliketi wanne: Ione na mwenzake wa mchezo, Arvid, dhidi ya Lucille na dada yake Verla. Nje, theluji ya Wisconsin ilikuwa imefunika magari. Verla aligawa karata.

Ione alizisogeza zake karibu na pua. Tangu majani yalipoanza kupukutika, doa jeusi lilikuwa limekaa katikati ya macho yake, na kila alichokitazama lilikifunika. Hakumwambia mtu. Aliyakumbuka ya Mildred, aliyewahi kuketi nao meza hii. Mikono ya Mildred ilipoanza kutetemeka hata akamwaga supu mezani, kesho yake Lucille aliweka mkoba juu ya kiti cha Mildred. "Pana mtu hapa, mpenzi," alimwambia kwa sauti laini, na hapakuwa na mtu. Tangu hapo Mildred alikula karibu na mlango wa jikoni, pamoja na wanaolishwa. Kijiko chake kiligongagonga sahani, na watu wa meza ya dirishani walipaza sauti ili wasikisikie. Ione naye alipaza.

"Turufu shupaza," Lucille alisema, akatupa pao.

Mwenye pao lazima atoe pao. Ione alichagua karata nyeusi aliyodhani ni pao, akaitupa; kumbe ni shupaza, nyeusi vilevile, akala. Lakini baadaye kidogo alitoa nyeusi nyingine, na Lucille akaikandamiza kwa kidole.

"We Ione! Pao hii ulikuwa nayo muda wote?"

Ione aliinua kichwa. "Nilikuwa nawapima kama mko macho."

Arvid aliangua kicheko. "Uzee wote huo, bado mwizi! Na mimi nikidhani nimepangiwa mtu wa kanisani!"

Ione alicheka naye. Heri kuitwa mwizi. Mwizi hahamishwi meza. Lucille peke yake hakucheka. Aliinua karata moja mbele ya uso wa Ione.

"Haya, mwizi. Hii ni nini?"

Ilikuwa nyekundu: kopa au uru. "Kopa," Ione alisema.

Arvid akakohoa.

"Ni uru, mpenzi," Lucille alisema kwa sauti laini.

Sauti ile haikumwacha Ione alale. Kesho yake alifikiria kubaki chumbani, lakini kutoonekana mezani kungekuwa sawa na kukiri. Akashuka. Alipoikaribia meza ya dirishani, mazungumzo yalikatika. Pembeni aliona sweta ya Arvid na nywele nyeupe za Lucille. Kiti chake hakukiona. Doa lilikuwa limekikalia. Kilikuwa kitupu? Ilimbidi anyooshe mkono, mbele ya wote, apapase.

Ngozi baridi. Kifungo cha chuma.

"Pana mtu hapa, mpenzi."

"Arvid?" Ione aliita.

"Leo baridi kali kweli," Arvid alijibu, na sauti yake ilielekea dirishani.

Ione aligeuka. Ukumbi mzima ulikuwa umeingia ndani ya lile doa. Kisha akasikia kijiko kikigonga sahani. Akakifuata, kiti baada ya kiti, hadi mlango wa jikoni. Akapapasa kwanza.

"Mildred? Pana mtu hapa?"

Kijiko kilinyamaza.

"Inategemea," Mildred alisema. "Umekuja kukaa, au umeleta mkoba?"

"Sioni, Mildred," Ione alisema. Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo. "Hata wewe sikuoni."

Ione akavuta kiti, akaketi. Kijiko kilianza tena kugongagonga, na nyuma yao, kwenye meza ya dirishani, watu wakaanza kuongea kwa sauti kubwa.