Maji ya Kagongwa

Tangu watoke Shinyanga alfajiri, Mektilda hakuligeukia jeneza la mumewe hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto, pale mbele ya usukani. Kila kilima ulipanda kidogo, na kila uliposhuka ulishuka kwa shingo upande.

Gari lilikuwa jipu la fahari, silinda nane, viti vya ngozi, la kuinuka na kushuka taratibu kama kitanda cha mgonjwa tajiri. Mumewe, Clemens, alilinunua mwaka 1980 kwa Mzungu mmoja wa utafiti wa dhahabu kule Nyarugusu, kambi yao ilipofungwa. Yule Mzungu alimkabidhi funguo huku akicheka. Miezi mitatu baadaye Mektilda alielewa kicheko kile. Pampu ya maji ilikula ng'ombe wawili. Kabureta zilikuwa mbili, kila moja na maradhi yake, zikala bati za nyumba yao ya kijijini Ushirombo kabla hazijapanda juu ya paa. Giaboksi ililia mwaka mzima, na kipuri chake kilipoletwa kwa magendo kutoka Nairobi kikaonekana ni cha gari jingine kabisa. Esta, binti yao, alikwenda sekondari bila godoro. Majirani walimtania Mektilda kuwa ana mke mwenza wa chuma. Hakucheka.

Hata hivyo, miaka minne ya kuishi na mke mwenza huyo ilimfundisha tabia zake zote.

Alhamisi mchana kifua kilimbana Clemens, na jioni alikuwa maiti. Jirani mmoja akajitolea lori. Januari, mdogo wa marehemu, ndiye aliyelikataa.

"Kaka yangu atoke mjini juu ya lori kama gunia la mtama, na gari lake limelala uani? Nikifika Ushirombo niwaambie watu nini?"

Mektilda alifungua mdomo. Wanawake waliomzunguka wakamkandamiza mabega. "Nyamaza, Mama Esta. Mjane hapangi safari."

Akanyamaza. Lakini aliwasihi jambo moja, na wote walikubali: jeneza lipigwe misumari miwili tu. Bibi Eufrasia, mama wa marehemu, hakuwa na miguu ya kusafiri. Alikuwa ametuma neno kwa simu ya parokia: "Msimfukie mwanangu sijamwona uso." Mwili ulilala nyumbani usiku mmoja, bila barafu. Wakifika mchana, mama atamwona. Wakichelewa hadi jioni, hakuna atakayethubutu kufungua.

Saa tatu asubuhi, wakiingia Kagongwa, mshale uligonga mwisho. Mvuke ukatoka mbele ukafunika kioo. Januari akasimamisha gari karibu na soko, na watu wakajaa.

"Mwangaluka! Mzungu wenu anachemka!" kijana mmoja akapiga kelele, akianza na salamu ya Kisukuma. "Mleteeni majani ya chai!"

Watu wakacheka, hadi mmoja alipochungulia nyuma akaona jeneza. Kofia zikavuliwa.

Januari alishafungua boneti. "Maji! Nani ana maji?"

Mektilda akateremka, kanga yake imemfunika hadi kwenye paji la uso. "Shemeji, usimwage maji sasa. Injini hii ni ya aluminiamu. Ikimwagiwa maji baridi ikiwa moto, inapasuka. Kaka yako alikuwa anakaa pembeni anasali rozari nzima, mafungu yote kumi na matano. Akimaliza ndipo anafungua kifuniko. Tusali rozari, shemeji."

"Rozari tutasali kwa mama."

"Siyo hivyo. Nakwambia subira ya gari..."

"Mama Esta!" Sauti ya Januari ilipanda mbele za watu. "Unanifundisha gari? Mimi nimeendesha trekta za wakulima miaka sita. Rudi ukae na marehemu wako. Mjane gani huyu anasimama sokoni kubishana na wanaume?"

Minong'ono ikapita kati ya wanawake wa soko. Mektilda alihisi uso wake unawaka. Angeweza kumpokonya ndoo. Alikuwa na nguvu za kumpokonya. Akarudi akakaa.

Ndoo ya kwanza ilimwagwa juu ya injini yenyewe, ili ipoe haraka. Mlio ulitoka, mfupi na mkavu. Ndoo ya pili iliingia kwenye rejeta, na haikujaa. Maji yalikuwa yakipita ndani ya injini na kuchuruzika chini mchangani, yamechanganyika na oili, rangi ya uji wa ulezi. Januari alipiga stata. Injini iligeuka mara mbili ikakwama.

"Itawaka," alisema. "Ngojeni."

Wakangoja. Saa nne. Saa sita. Januari alifungua nati, akafunga nati, akatukana vipuri, akaitukana serikali. Jua lilipiga juu ya bati la gari, na ndani joto likawa la tanuri. Saa saba Mektilda aliisikia harufu. Akajua wengine nao wameisikia, kwa sababu waliacha kusogea karibu.

Hapo ndipo hasira iliyokuwa imelala tangu Alhamisi ikasimama. Akaitupa kanga begani, akatembea hadi barabarani, na lori la pamba, Bedfodi, lilipotokea likirudi tupu, akasimama katikati ya njia.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kitambaa kichwani. Jina lake Akida. "Pole kwa msiba, mama. Ningewafikisha bure, Mungu shahidi. Lakini petroli yangu ni ya kunifikisha Kahama tu. Kahama kwenyewe hakuna, wiki ya pili hii."

"Lori lako linakunywa petroli, siyo dizeli?"

"Petroli."

"Nyonya humo." Akaonyesha jipu. "Tangi bado lina petroli nyingi. Tulipewa kibali cha kununua kwa ajili ya msiba."

Januari akaruka. "Hapana! Tukilinyonya tutalirudishaje? Tukiliacha hapa, kesho tutakuta fremu tu! Taa tu zile..."

"Wachukue taa," alisema Mektilda. "Wachukue milango. Wachukue na viti wakakalie. Akida, leta mpira wako wa kunyonyea."

"Shemeji, hili ni gari la kaka!"

"Kaka yako yuko ndani anaharibika, Januari! Shika jeneza!"

Alishika.

Walifika Ushirombo jua linazama. Nyuzi za pamba za lorini zilikuwa zimenasa juu ya mbao za jeneza. Bibi Eufrasia aliletwa akishikwa mikono miwili, akasema, "Nifungulieni." Katekista Donatus alisogea, akasimama kidogo, akarudi nyuma na kitambaa puani.

"Mama, haiwezekani tena."

Bibi akaweka kiganja juu ya ubao. Hakulia. Aliuliza nini kimewachelewesha, wakati watu wa Shinyanga walituma neno kuwa wameondoka alfajiri.

"Gari, mama," alisema Januari. "Limezeeka. Limetuangusha njiani."

"Gari halikutuangusha," alisema Mektilda, na waombolezaji wote wakamgeukia. "Lilichoka, likasimama. Wewe ndiye uliyelipasua kwa maji. Mwambie mama yako."

Januari alitazama chini.

"Mngengoja muda gani, lipoe?" aliuliza bibi.

"Saa moja, mama," Mektilda alijibu. "Haifiki."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akaniambia ninyamaze."

"Ukanyamaza," alisema bibi.

Wanaume walinyanyua jeneza kuelekea kaburini, na kiganja cha bibi kikateleza juu ya ubao, polepole, mpaka ubao ulipoisha.