Bendera Sita Nyeupe

Fomu ya ufadhili ilikuwa na maswali ishirini na matatu, na Limakatso aliyajibu yote akiwa jikoni kwa mama yake, mjini Mafeteng, huku mama akichuja pombe ya mtama pembeni. Swali la kumi na tisa liliuliza: Je, umewahi kupata ufadhili mwingine wowote wa masomo? Taja mfadhili na muda. Limakatso akaandika: Hapana. Mama yake alichungulia begani kwake, akasoma taratibu huku midomo ikimcheza, kisha akarudi kwenye chujio lake. Binti akaendelea na swali la ishirini.

Basi akaupata. Mfuko uliotoa ufadhili huo ulisaidia wanafunzi wanaotafiti mazingira, na mwaka huo ulichagua wanne tu nchi nzima. Siku barua ilipofika Limakatso alilia mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Na alikuwa na haki ya kulia. Bila mfuko ule shahada yake ya pili ingebaki ndoto, kwa maana hakuna mwingine hapa duniani aliyekuwa tayari kumlipa mtu akakae milimani kutazama tope.

Maana kazi ilikuwa hiyo hasa. Juu ya kijiji cha Ha Rametse kuna kinamasi, na maji yake ndiyo yanayokwenda kuwa mto huko chini. Wazee walisema kinakauka. Limakatso alitakiwa aseme kinakauka kwa kiasi gani. Alipewa mabomba sita ya plastiki ya kuzamisha ardhini, na kila Alhamisi, kwa mwaka mzima, apime maji yamesimama wapi ndani ya kila bomba. Sharti la mfuko lilikuwa moja na halikuwa na mzaha: wiki moja ikikosekana, atasamehewa, zikikosekana mbili mfululizo, ufadhili wa mwaka wa pili anapewa mwingine.

Katika sanduku la vifaa kulikuwa na rula ndefu ya kupimia na bendera sita ndogo, nyeupe pe, za kuonyesha mabomba yalipo ili mtu asijikwae. Mwezi wa kwanza Limakatso alizichomeka zote sita kwenye kinamasi, kila bendera na bomba lake, akarudi nyuma hatua kumi, akatazama zinavyopepea. Akajiona mwanasayansi.

Hapa sina budi kumsema. Mtoto wa muuza pombe huyu! Amezaliwa, amelelewa na amesomea chini ya kitambaa cheupe kwenye mlingoti wa kwao. Katika nchi nzima ya Lesotho bendera nyeupe ikipandishwa ina maana moja tu: pombe imeiva, karibuni. Nyekundu ni nyama, kijani ni mboga. Hata mtoto anayetumwa dukani anajua. Lakini binti yetu alikuwa amesoma, na siku ile akili yake yote ilikuwa kwenye vitabu.

Jumamosi walimjia wanaume sita juu ya farasi, wamejifunga mablanketi, vumbi hadi kwenye kope. Aliyetangulia alikuwa Ntate, yaani Baba, Moshabesha, mchungaji mrefu mkavu mwenye fimbo iliyozungushiwa nyaya za shaba.

"Ausi, dada yangu, amani kwako," alisema akivua kofia.

"Na kwako, Ntate."

"Tumetoka kule juu kwenye mazizi tangu alfajiri. Tumeona bendera sita. Nikawaambia hawa, huyo mpishi si wa mchezo, bendera sita! Haya, nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani, Ntate?"

"Jamani. Ya pombe."

Limakatso alizitazama bendera zake. Akawatazama wanaume. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa jinsi kile kinamasi kilivyo laini, haikuwa mbali na kufanya hivyo.

"Hizi... hizi ni za maji, Ntate."

"Za nini?"

"Maji. Napima maji."

Mmoja wao alishuka, akainama, akachungulia ndani ya bomba kwa jicho moja. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa. "Anasema kweli," aliwaambia wenzake. "Ni maji. Tena machache."

"Umetutoa mlimani mwendo wa saa tano kwa maji machache?" Ntate Moshabesha alisema. "Twende kwa chifu."

Chifu wa Ha Rametse alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kesi ndefu. Aliwasikiliza walalamikaji, akamsikiliza mshtakiwa, akauma mdomo asicheke. Kisha akatoa hukumu: anayepandisha bendera nyeupe, anatoa pombe. Desturi haiulizi mtu ana shahada ngapi. Bendera sita, ndoo sita, na zipelekwe palepale kinamasini watu walipodanganywa.

Limakatso alimpigia mama yake simu, akamweleza yote. Mama alicheka mpaka simu ikamdondoka.

"Miaka kumi na miwili nimekupeleka shule kwa kitambaa hicho," alisema alipoiokota. "Leo umekiona pambo?"

"Mama, nisaidie."

"Nakusaidia. Nisipokusaidia wewe nimsaidie nani? Tafuta kuni tu."

Mama alipanda mlimani na gunia la kimea kichwani, akapika siku nne, na watu wa Ha Rametse wakasema hawajawahi kunywa kitu kama kile. Walikinywa kinamasini, wameketi kwenye mawe. Ndoo ya tatu ilipokwisha walianza kuuliza maswali. Haya mabomba ni ya nini hasa? Maji yakishuka inamaanisha nini? Mwaka juzi yangekuwa wapi? Limakatso aliwaeleza, nao walimwelewa haraka kuliko maprofesa wake, kwa kuwa walijua kila mahali ambapo zamani ng'ombe alizama hadi tumboni na leo mtu anapita na viatu. Ndoo ya tano ilipokwisha, kila mwanaume alikuwa amejichagulia bomba.

"Mimi nilidanganywa na hili," alisema Ntate Moshabesha akilipiga kofi. "Kwa hiyo hili ni langu."

Tangu siku hiyo mabomba yaliitwa kwa majina ya wenyewe. Bendera nyeupe ziling'olewa, zikawekwa za bluu, rangi isiyouza chochote. Na kila Alhamisi lazima mtu asimamishe farasi na kuuliza kwa sauti: "Ausi, pombe yangu imepanda au imeshuka?"

Miezi minane ilipita hivyo. Hakukosa hata Alhamisi moja. Mwezi wa tisa mfuko ulimwita Maseru, mji mkuu, akaeleze amefikia wapi, safari ya siku tatu tu. Aliondoka Ijumaa, jua linawaka, kondoo wameshakatwa manyoya.

Jumapili theluji ikaanguka. Ile ya mwezi wa tisa, inayokuja watu wakiwa wameshasahau baridi. Ilianguka siku tatu bila kupumzika. Barabara ya mlimani ikafungwa, mnara wa simu ukalala. Alhamisi ya kwanza Limakatso alikuwa Maseru anatembea chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alhamisi ya pili alishinda kituo cha magari, na kila dereva alimtikisia kichwa. Ya tatu hakutoka kitandani. Ya kwanza ingesamehewa. Ya pili ilikuwa imemtoa. Hii ya tatu ilikuwa kumzika mtu aliyekwisha kufa.

Barabara ilipofunguliwa alipanda gari la kwanza, si kwa matumaini, ila vifaa vya watu lazima virudishwe. Njia nzima alikuwa akitunga barua ya kuushukuru mfuko na kuuaga.

Alimkuta Ntate Moshabesha ameketi kwenye ukuta wa zizi lake. Zizi lilikuwa na nafasi kubwa, na mizoga ilikuwa imelundikwa nyuma. Kondoo waliokatwa manyoya mapema walikuwa wamekwisha, karibu nusu ya mali yake.

"Pole sana, Ntate," alisema, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alisahau mabomba.

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Umechelewa."

"Njia ilifungwa. Na sasa kazi yangu imekwisha. Alhamisi tatu zimepita, hakuna aliyepima."

"Nani kakwambia hakuna aliyepima?"

Aliingia ndani akatoka na fimbo yake, ile ya nyaya za shaba aliyoachiwa na baba yake. Nyaya zilikuwa zimefunguliwa. Juu ya mti wenyewe kulikuwa na mistari mitatu iliyochorwa kutoka juu hadi chini, na kila mstari una mikato sita ya kisu.

"Mstari huu ni Alhamisi ya kwanza. Huu ya pili. Huu ya juzi," alisema. "Rula yako umeifungia ndani, nami mlango wa mtu sivunji. Nilikuwa nazamisha fimbo hadi chini ya bomba, naitoa, maji yalipoishia nakata."

"Lakini nitajuaje mkato upi ni wa bomba lipi?"

Ntate Moshabesha alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jua linachomozea wapi. "Tazama vizuri, msomi."

Alitazama. Kando ya kila mkato kulikuwa na alama ndogo: pengo, tundu, kona iliyokatwa. Zilikuwa alama za masikio ya kondoo, zile ambazo kila mwenye mifugo anazo zake na kijiji kizima kinazijua. Kila bomba lilikuwa limetiwa alama ya mwenyewe.

"Ulikwenda huko kwenye theluji ile," Limakatso alisema, "na kondoo wako wanakufa?"

"Kondoo nilikaa nao. Asiyekufa nilimfunika, aliyekufa nilimwacha. Alhamisi napanda, nashuka." Akakuna kidevu. "Pombe tulikunywa kwa ajili ya maji yale, ausi. Na kinamasi kikikauka, hawa waliobaki watakunywa nini?"

"Si ungetumia fimbo nyingine? Hii ya baba yako..."

"Fimbo nyingine? Kwa baridi ile fimbo nyingine zote tumeziota moto."

Limakatso alipiga magoti palepale kwenye theluji chafu iliyobaki, akaishika mikono mikavu ya yule mzee, akalia. Ntate Moshabesha alisema basi, basi, inuka, watu watadhani nimekuposa.

Kuandika kwamba alipima mwenyewe kungekuwa rahisi, na nani angejua? Wazo hilo lilimpitia, nami simfichi. Lakini lilipita. Aliandika yote kama yalivyokuwa, theluji, fimbo na alama za masikio, na jina kamili la mpimaji. Akaomba aazimwe fimbo, akaipeleka Maseru kwa mkono wake, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mwezi mzima Ntate Moshabesha alichunga kwa mti wa uzio, na wenzake walimtania kwamba siku moja mti huo utamwotea majani mkononi.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja pamoja na fimbo. Limakatso alilisoma mbele ya zizi, anatafsiri huku anasoma. Mfuko ulikuwa umeipima mikato yote kumi na minane na kuilinganisha na vipimo vya Limakatso vya kabla na baada ya theluji. Hakukuwa na mkato hata mmoja uliodanganya. Wiki zile tatu zimekubaliwa. Ufadhili wa mwaka wa pili umethibitishwa, na kuanzia sasa kila mwanafunzi wa mfuko atatakiwa kumfundisha kupima mtu wa mahali anapofanyia kazi.

"Wanasema asante," alimalizia. "Wameiandika mara mbili."

"Mara mbili," alisema Ntate Moshabesha, akizungusha nyaya za shaba mahali pake, ila ile mistari mitatu akaiacha wazi. "Basi waambie wamekaribia kulipa."

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya mwaka wa pili. Maswali yaleyale ishirini na matatu. Limakatso aliijaza akiwa ameketi ukutani, haraka haraka, mpaka alipofika la kumi na tisa: Je, umewahi kupata ufadhili mwingine wowote wa masomo? Taja mfadhili na muda. Mkono ukasimama. Aliliona jiko la Mafeteng, na mama amechungulia begani kwake, midomo ikimcheza, anasoma lile neno moja, Hapana. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kwa mwaka mzima neno lile lilikuwa limekaa ofisini kwa watu.

Aliandika polepole. Kisha akapiga simu.

"Mama, nimepata mwaka wa pili."

Mama alipiga kigelegele mpaka Ntate Moshabesha akakisikia kutoka alipoketi. Nyuma ya mama wateja walikuwa wakibishana mambo ya mpira.

"Sikiliza, mama. Wana lile swali. La wafadhili wengine."

"Nalikumbuka," mama alisema.

"Mwaka jana nilijibu vibaya. Nisamehe. Leo nimeandika jina lako lote. Muda, miaka kumi na miwili. Na pembeni nimeongeza aina ya ufadhili: bendera nyeupe."

Alisikia kikombe kikiwekwa mezani, pua ikivutwa, halafu sauti ya mama yake ikiwageukia wateja, kali na imelowa machozi:

"Nyie, hebu punguzeni kelele. Mnajua mnakunywa kwa nani? Mnakunywa kwa mfadhili."