Ufunguo wa Nne

Walimwita Makufuli, na si kwa kumsifu. Fundi gani wa vitasa anayemwibia mama yake mzazi? Kila alipobadilisha kitasa, mama alimpelekea mwanawe ufunguo amchongee za akiba, maana fundi wa familia ni huyohuyo. Makufuli alichonga mbili za mama na mmoja wake wa siri. Redio ikaenda, pasi ikaenda, mpaka koti la marehemu baba likaishia kwenye pombe. Mama akilia kwa majirani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwalaani wezi. Uso mkavu!

Sasa alikuwa na miezi minane hajagusa chupa. Alipotoka kwenye kituo walikomsaidia kuacha pombe, mtaa wao haukuwepo. Nyumba zote zilikuwa zimebomolewa kupisha barabara, na pale palipokuwa na kibanda chake cha kazi sasa palikuwa na lami. Mama alikuwa amehamia ghorofa ya tano. Majengo mapya yalifunguliwa kwa kadi, na wateja waliobaki walikuwa wazee wachache wasioziamini.

"Niwekee kitasa cha maana, mwanangu," mama alimwambia. "Halafu Jumapili ulete godoro lako. Utalala hapo sebuleni."

Makufuli alifunga kitasa asubuhi nzima, akachonga funguo kwa tupa kibarazani huku mama akimpigia soga kutoka jikoni. Alimkabidhi tatu. Mama akamshika kichwa kama mtoto, akambariki.

Alipofika chini getini, akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Akaukuta ufunguo wa nne, bado una vumbi la shaba.

Aliuchonga saa ngapi? Wallahi hakukumbuka. Kichwa kilikuwa kimeacha ulevi, mikono ilikuwa haijaambiwa. Mtaro ulikuwa hatua mbili tu. Angeutupa humo, na nani angejua? Alisimama pale mpaka mlinzi akamwuliza kama amepotea. Kisha akageuka, akapanda ghorofa zote tano.

Mama alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa mahali pake.

"Umesahau nini?"

"Huu, mama. Nimeuchonga bila kujua. Naapa."

Mama aliutazama ufunguo, kisha akamtazama yeye. Kiapo hicho hakikuwa kigeni kwake. Alishakisikia juu ya redio, juu ya pasi, juu ya koti, kabla hajagundua mwizi ni nani. Makufuli aliliona hilo machoni mwake, na aibu ikamshika mpaka akatamani angeutupa tu mtaroni.

Mkono wa kizee ukapita kwenye upenyo. Makufuli akauweka ufunguo kiganjani.

"Ahsante kwa kuurudisha," mama alisema taratibu.

"Na Jumapili, mama?"

"Tutaona, baba. Tutaona."

Mlango ukafungwa. Makufuli akasikia kitasa chake mwenyewe kikizungushwa mara mbili, laini, bila kukwama popote. Alikuwa amekifunga vizuri.