Kilichoanguka Mkekani

Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo usio na kufuli, aliwahi kusimama mlangoni kwangu kichwa wazi akaniuliza: "Hivi kwenu nyinyi, kitu kikianguka chini hakina ndugu?"

Alikuwa anatafuta kilemba chake. Asubuhi alikuja kuazima sindano, akakivua kwa joto, akakiweka kitini, kikateleza mkekani. Alipokumbuka kukifuata kilikuwa vipande kumi na viwili, vimeshashonwa kati ya pazia letu la zamani na suruali ya mkwe wangu. Nilimpa kilemba changu cha ibada, akaenda nacho, na mpaka leo nikikiona mbele yangu siku ya ibada sala yangu inapinda kidogo.

Ni sheria ya nyumba: kilichoanguka mkekani ni cha wagonjwa. Niliitunga mimi mwenyewe, kwa nia njema, ili wajukuu waache kugombania vitambaa. Kila Jumamosi tunatandika mkeka sebuleni, tunasali sala fupi, maana ndefu inawapa watoto nafasi ya kufinyana, kisha tunashona mablanketi ya viraka ya wodi ya watoto. Wodi ile ina madirisha mengi na vioo vichache. Mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi, ndiye anayeshika mkasi na kutoa amri, tunamwita Meneja. Mdogo wake wa miaka sita ni Redio, kwa sababu hatujapata swichi ya kumzimia. Mama yao, binti yangu, anapiga pasi. Mimi nakaa kwenye cherehani ya miguu aliyoniachia marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa makoti.

Cherehani hiyo ndiyo aliyoitaka shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake marehemu, dalali wa nyumba. Ukizubaa anakupangisha kivuli chako mwenyewe. Baada ya msiba kulikuwa na kikao cha familia. Wifi mkubwa, ambaye neno lake katika ukoo ule halirudiwi, alimwambia achague ukumbusho mmoja wa kaka yake: koti la sufu la kijivu au cherehani. Akaitazama cherehani, akaona ndani yake kuna kazi. Akachukua koti.

Miaka miwili ikapita. Juma moja akampelekea wifi kilio kwamba koti liliibwa safarini, hata kulivaa hakuwahi, na sasa hana chochote cha kumkumbukia kaka yake na usingizi umemkimbia. Wifi akanipigia simu.

"Wifi yangu, kama kweli koti limepotea, mpe cherehani. Asikose vyote."

"Na kama si kweli?"

"Kama si kweli niambie. Tutajuana, mimi na yeye."

Blanketi moja kwa sindano ya mkono ni mwezi mzima, na macho yangu si ya juzi. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa anasubiri manane kabla baridi haijakolea, nasi tulikuwa na matano. Nikamwambia Mungu: "Wewe unajua yote. Mimi nafunga mdomo." Na nikaufunga kweli, siku tatu nzima, mpaka binti yangu akasema muujiza umeshatokea, tusiombe mwingine.

Jumamosi ikaja na rasharasha. Shemeji akaja kuchukua cherehani, akabisha hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa, amevaa koti jeusi lenye vifungo vya shaba vinavyong'aa kama meno ya bandia.

"Umependeza, shemeji," nikamwambia.

"Aa, koti tu, shemeji yangu. Nilijinunulia nisife na baridi. La marehemu ndio hivyo tena, wezi hawana huruma."

Nilimtazama kwa jicho ninalotungia uzi. Rangi hubadilishwa, vifungo hubadilishwa, lakini matundu ya vifungo hayana pa kwenda. Mume wangu alikata na kushona makoti; matundu nilikuwa nayashona mimi kwa mkono. Kwenye koti lake la kijivu, tundu la tatu kutoka juu lilikaa upande kama mdomo wa mtu anayeumwa jino, kwa sababu nilipokuwa nalishona binti yangu alikuwa ananivuta kiwiko akidai uji. Na sasa lile tundu lilikuwa hapo, kifuani kwa shemeji, limepinda vilevile, likinitazama.

Ningesema. Lakini tundu lile lilikuwa shahidi wangu peke yangu, na dalali ukimpa shahidi mmoja anamnunua.

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Akapiga magoti na kuingiza kichwa chini ya cherehani afungue ukanda wa gurudumu, ipate kubebeka. Akabaki ametuonyesha upande wake ambao, kwa miaka yote niliyomjua, haujawahi kusema uongo.

Hapa sina budi kusema kweli, maana Mungu alikuwepo. Kiti hakikuanguka chenyewe. Mguu wangu wa kulia ulikisogeza. Niliomba msamaha kabla ya kuusogeza, kwa sababu umri huu ningeweza kusahau baadaye.

"Limeanguka!" Redio akapaza sauti.

"Liko mkekani?" Meneja akauliza.

"Lote! Na mikono yake!"

"La wagonjwa!"

"Kuna nini huko?" shemeji akauliza kutoka chini.

"Watoto hao, si unawajua," nikasema. "Wewe endelea. Ukanda huo una kiburi, uvute taratibu."

Meneja hakati ovyo. Mifuko kwanza, ndivyo tunavyofanya tangu siku tuliyopeleka wodini blanketi lenye kitana ndani. Akafumua bitana, akautoa mfuko wa ndani, akaugeuza nje. Bitana ilikuwa imelowa rangi nyeusi, lakini ndani ya mfuko rangi haikufika vizuri. Kikatokea kitambaa cha drafti, kijani na nyeupe.

"Mama, mbona mfuko wa babu mdogo ni sare ya shule?"

Binti yangu akasimamisha pasi. Akaja, akauchukua mfuko, akausogeza dirishani. Kwenye pembe palikuwa na doa la bluu, kubwa kama yai la njiwa.

"Hili doa ni langu," akasema. "Wino wa darasa la nne. Nilichapwa kwa ajili ya doa hili! Baba akasema kitambaa hakina kosa, akaikata sare akatia mfuko kwenye koti lake. Koti lake la kijivu."

Shemeji akatoka chini ya cherehani, ukanda mkononi, nyuzi kichwani kama ametoka kuatamia. Akamwona Meneja. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umeshatengana na mwenzake.

"Koti langu!"

"Lipi, baba mdogo?" binti yangu akauliza kwa adabu zote. "Lililoibwa, au ulilojinunulia?"

"Vitambaa hufanana."

"Na viboko nilivyochapwa, navyo hufanana?"

"Basi labda... labda mwizi aliliuza, nikalinunua bila kujua."

"Mwizi huyo nampenda," nikasema. "Kaiba koti, kalipeleka kwa mtia rangi, kalitia vifungo vya shaba, halafu kazunguka mji mzima akutafute wewe akuuzie. Mlete na hapa, nina mapazia yamepauka."

Redio alikuwa ameshika simu ya mama yake. "Bibi, nimpigie bibi mkubwa nimwambie?"

Aliuliza kwa heshima tu. Alikuwa ameshapiga. Sauti ya wifi ikatoka humo ndani, kavu kama kuni: "Haloo? Nani? Koti limefanya nini?"

Nikaichukua simu nikamnyooshea shemeji. "Zungumza na dada yako."

Akaitazama simu. Akautazama ule mkono wa koti, ambao Meneja alikuwa anaupima kwa rula bila haraka. "Haloo!" wifi akaita tena. "Nani hapo anapumua?"

Shemeji akainama. Akaurudisha ukanda kwenye gurudumu, mahali pake, kama kaka yake alivyomfundisha walipokuwa vijana, akalizungusha mara moja kwa kiganja kuona kama unakwenda sawa. Ulikwenda sawa. Akapangusa mikono kwenye suruali, akakanyaga pembeni ya mkeka asiuchafue, akatoka nje kwenye mvua na shati lake tu.