Nyumba Ilivyokwenda Benki

Jumanne saa mbili asubuhi fundi mwashi alifungua mlango wa mbele akakuta mtaro wa maji machafu umepita chini ya kizingiti. Jana ulikuwa hatua saba mbele. Nyumba ilikuwa imesogea tena kuelekea benki, kama ilivyofanya kila mwezi aliokwama kulipa rejesho.

"Fundi, nyumba yako imekalia kamba yangu ya nguo," jirani alilalamika.

"Iambie yenyewe."

Mkopo ulikuwa wa kuongeza vyumba viwili vya kupangisha. Afisa mikopo alimuuliza kipato, akasikia, akaandika mara tatu yake. "Hiyo ni ya fomu tu, mzee wangu." Kisha akasema nyumba itakuwa dhamana. Dhamana aliyoijua fundi ni ya kituo cha polisi: unaiweka, mtu wako anatoka. Akaona ni neno jema, akasaini. Mwezi wa tano mkewe, mshonaji, akafariki, na marejesho yakafa naye.

Shemeji yake, dada wa marehemu, alikuja kufunga vyombo visivunjike njiani.

"Nani alikushikia kisu, shemeji? Mkono ulikuwa wako."

"Mkono wangu. Na ile hesabu ya uongo?"

"Uliiona ukanyamaza."

Fundi akampa sahani nyingine aifunge. Aliiona kweli.

Mwezi uliofuata nyumba ilivuka barabara kuu. Trafiki alisimamisha magari, akaipungia mkono ipite. Iliingia uani kwa benki, ambako nyingine nane zilikuwa zimejipanga, ikajishusha juu ya msingi mtupu uliokuwa ukiisubiri. Kila ukuta ulikaa mahali pake, hata kuta za vile vyumba viwili visivyo na paa.

Fundi alichuchumaa, akaukwaruza msingi kwa kucha. Zege amelichanganya miaka thelathini. Umri wake haumpotei.

"Huu una miaka minne," alisema. "Mkopo wangu una miwili."

"Sisi hupanga mapema, mzee wangu," alisema afisa, akimnyooshea karatasi ya makabidhiano. "Saini hapa. Na hapa."

Shemeji naye alikuwa amepiga magoti, anakwaruza. Habari ya mkono hakuirudia.

Fundi akasaini. Kalamu ilikuwa yao, geti lao, na mlinzi alishaanza kulifunga.