Fungu Chini ya Jani

Wakati wa Hali ya Hatari tulihamishiwa kijiji kimoja huku upande wa Embu, kikazungushiwa handaki. Akina mama walikuwa wakilichimba tangu asubuhi, na watoto wadogo wakaachwa na Mwalimu Nelius kwenye kibanda cha nyasi. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, basi kazi yangu ikawa kumletea maji na udongo wa kichuguu.

Udongo ule Nelius aliufinyanga nduma, viazi vikuu, ndizi, akavianika juani. Mtoto anafumba macho, anatia mkono kikapuni, anapapasa, halafu anataja jina, na kama chakula hicho huota chini au huning'inia. Maana mashamba yetu yalibaki ng'ambo ya handaki, na sisi karibu kila siku ni uji tu. Mtoto mmoja alishika kiazi kikuu akasema ni jiwe.

"Siku tukirudi," Nelius aliniambia, "nani atapanda asichokijua?"

Baada ya kupapasa, watoto walijifanya wanapika na kugawa. Siku hiyo mgawaji alikuwa Kagure, binti wa Muthoni.

"Mwongera amekula kabla ya kuomba," mmoja akamshtaki mwenzake.

"Ni udongo, wewe."

"Basi utapata minyoo."

Runji, homugadi, yaani askari mlinzi wa serikali, kijana wa hapo hapo kwetu, akaja akaegemea nguzo. "Mwalimu, leo mnapika mawe?"

Kagure alimpa kila mtoto chake. Nduma moja ikabaki. Akaiweka kando na kuifunika kwa jani.

"Hiyo ya nani?" Runji akauliza.

"Ya mgeni," Nelius akajibu haraka. "Kwani mama yako alikuwa anamaliza chungu?"

Kwetu chungu hakimalizwi. Anayeingia na njaa akute kitu.

"Na siku hizi mgeni anapitia wapi?"

Kagure alikuwa amezoea kuulizwa na kusifiwa akijua. Akasema, "Ni ya baba. Mama humwekea kila siku."

Baba yake, Ndambiri, aliingia msituni kupigana na Wazungu. Muthoni alikuwa ameapa mbele ya chifu kwamba amekufa. Na aliyelisha watu wa msituni, tulijua alikopelekwa.

"Mtoto anaota tu," Nelius alisema.

Runji aliinama, akaifunua ile nduma ya udongo, akaitazama, akaifunika tena polepole. Tukadhani amesamehe.

Alasiri akina mama waliporudi, Runji na wenzake wawili walikuwa mlangoni kwa Muthoni. Chunguni kulikuwa na nduma moja, chini ya jani la mgomba.

"Ni ya marehemu," Muthoni alisema. "Siwezi kupakua nikamruka."

"Marehemu hali nduma, dada."

Walimpandisha lori na jembe lake mkononi. Kama Ndambiri alikuwa hai au la, mpaka leo sijui. Muthoni hakurudi.

Kagure akaletwa kwetu. Nelius aliendelea na kikapu chake, lakini mchezo wa kugawa akauacha.

Nyumbani, Kagure ndiye aliyekuwa akikwangua chungu. Alikiosha hata sisi hatujamaliza kula.

"Bakisha kidogo, mama," mama yangu alimbembeleza. "Huenda mgeni akaja."

Kagure alikibeba chungu mpaka mlangoni, akakiinamisha kwa nje, ili kila apitaye aone hakina kitu.